Mtihani wa Ndoa wa Saa Nane Mchana

Mtu wa kwanza kupigwa kwa ajili ya ule mchezo alikuwa mwanamke, na kosa lake lilikuwa kusema kwamba mumewe anapenda sangara. Mume alipoulizwa akasema sato. Alimzaba kofi palepale mbele ya televisheni, watu wakacheka mpaka wengine wakadondoka kutoka kwenye mabanzi ya kukalia, na mimi niliyeuliza swali nilicheka pia. Nimeanza na hilo ili anayesoma asije akafikiri kwamba mimi nilikuwa pembeni.

Haya nayatoa kwenye madaftari yangu ya zamani. Shule niliishia darasa la nne, kwa masista wa Ushirombo, na mwandiko ndio kitu pekee nilichoondoka nacho. Kila jioni nilikuwa naandika mistari mitatu minne: nani kaja, nani kapigwa, dagaa wamepatikana au hawakupatikana. Mahali pengine panya wamekula. Mahali pengine jambo moja nimeliandika mara mbili kwa namna mbili, na sasa sijui ipi ndiyo ya kweli. Nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na mimi nilikuwa na mgahawa kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Mgahawa ni kusema tu. Zilikuwa nguzo nne, nyasi juu, mafiga na sufuria mbili. Nilipika ugali kwa dagaa wa Nkome, na niliowapikia walikuwa watu wa kupigana. Walipigania maji, walipigania vinu vya kutwangia mawe, walipigania mipaka ya maduara. Duara ndilo shimo la dhahabu; lina mwenyewe na lina watu wake, na mtu wa duara moja akikutwa chini ndani ya duara la wengine, hakutoka kama alivyoingia. Nimeosha vichwa vilivyopasuka kwa maji niliyokuwa nimeyachemshia ugali. Kesho yake walikuja hivyo hivyo wamefungwa matambara, wakasalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka", "Mwangaluka mayu", wakala, wakashuka chini tena.

Mwenye video alikuwa mtu wa pwani. Alifika juu ya lori kutoka Mwanza, amekumbatia televisheni iliyofungwa blanketi kama mgonjwa, na nyuma yake jenereta, deki na kikapu cha mikanda. Akajenga ukumbi wa fito na udongo, akaezeka turubai. Jioni alionyesha sinema za karate, na watu walitoka mle wakirushiana mateke hadi kwenye mapipa yangu ya maji. Mchana ukumbi ulikaa bure.

Katika kikapu kile kulikuwa na mkanda mmoja usio na karate. Walionekana Wazungu wawili wawili, mke na mume, wamekaa kwenye viti vizuri. Waume walitolewa nje na vitu masikioni, wake wakaulizwa maswali, waume wakarudi wakaulizwa yale yale. Wakifanana, kengele inalia na watu wanapiga makofi. Wakipishana, mke anampiga mume kwa mto. Mwishoni wanapewa jokofu. Kiingereza hatukukijua, lakini mwenye video aliutazama mara tatu akasema, "Hawa wanapimwa kama wanajuana. Sasa na sisi tumeshindwa nini?"

Miaka mingi baadaye Mzungu mmoja mpima miamba alikula kwangu, nikamsimulia. Akacheka, akasema mchezo wa namna hiyo kwao ulionyeshwa mchana, saa ambazo akina mama wako nyumbani, na haukufika hata mwaka. Nikamwuliza ulikufa kwa nini. Akasema watu waliuchoka. Wa kwetu ulidumu wiki tano, na hakuna aliyeuchoka.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya kibao cha mgahawa. Mwenye video alisimama akakisoma: *Ugali Dagaa Upo, Mkopo Haupo.*

"Mama, huu mwandiko unakaanga dagaa wa nini?" akasema. "Njoo uniandikie maswali."

Basi nikawa mwandishi na msomaji. Maswali niliyaandika kwenye vipande vya maboksi ya sigara, matatu kwa kila ndoa. Siku ya mchezo ilikuwa Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana. Mke alibaki mbele; mume alipelekwa stoo penye mapipa ya mafuta, akashikiwa redio sikioni imefunguliwa mpaka mwisho. Kisha akarudishwa. Kengele yetu ilikuwa ya baiskeli. Watu waliuita Mtihani wa Ndoa.

Na televisheni ilikuwa inawaka. Hili ni lazima nilieleze. Mwenye video aliiweka mezani nyuma ya wachezaji, haina mkanda, inaonyesha chenga tu, zile punje nyeupe zinazochemka. Alisema bila hivyo mchezo hauna sura. Lakini watu walielewa kwamba kwa sababu inawaka, basi tunaonekana. Kwamba kama sisi tulivyowaona wale Wazungu, kuna watu mahali pengine wanatuona sisi. Hakuwaambia ndivyo. Hakuwaambia sivyo pia. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza na ya pili nilikwenda na kitenge changu cha Pasaka.

Kwa sababu ya kuonekana huko, hakuna aliyekubali kushindwa kimya kimya. Yule wa sangara alipigwa kofi. Jumatano iliyofuata mume mmoja alisahau jina la mama mkwe wake, na shemeji zake wawili waliokuwa ukumbini walimngoja nje wakamvunja kidole. Wiki ya tatu tulileta mtu na wake zake wawili, wazo langu, ninalikiri, na swali la "Mumeo anamsifu nani kwa mapishi?" likaisha mke mkubwa amempiga mke mdogo kwa mchi. Damu iliruka mpaka kwenye kadi zangu za maswali. Mwenye video aliifuta ile damu kwenye kioo cha televisheni kwa kanzu yake, akasema, "Wallahi, hata kule Ulaya hawana kitu kama hiki." Ukumbi ulijaa zaidi Jumamosi.

Sasa niwaeleze wale wawili.

Walikuwa majirani zangu, kibanda chao na changu viligusana mgongo. Watu wa Bukombe, Wakatoliki, hawakuwa na mtoto bado. Mume alikuwa mchimbaji, mtu mpole kwa kipimo cha pale, yaani alipiga akipigwa tu. Mke alitwanga mawe. Vumbi la mawe lilikuwa limeshamwingia. Alikohoa kikohozi kikavu, usiku na mchana, na mimi nilikisikia kupitia ukuta. Nilipougua malaria mvua zile za kwanza, yeye ndiye aliyenipikia uji siku sita na kunifulia nguo zangu bila kuchagua. Aliniita dada. Mume akaniita shemeji.

Zawadi ya mwisho ya Mtihani wa Ndoa ilikuwa cherehani ya miguu, ipo palepale jukwaani imefunikwa shuka. Mke yule alikuwa amejifunza kushona misheni. Alipoiona aliniambia, "Dada, nikiipata ile, tunaondoka. Sitwangi tena hata jiwe moja. Nitakaa barazani kwetu nishone sare za shule, na huyu bwana alime." Akakohoa. "Nisipoipata nitafia hapa."

Sikuona kwamba anatia chumvi.

Walishinda mara mbili kwa haki kabisa, bila msaada wangu. Ikabaki fainali, wao na dereva mmoja wa lori na mkewe. Ilipangwa Jumatano.

Wiki hiyo duara la yule mume lilikuwa na kitambaa chekundu. Mwenye duara alikuwa amemwita mganga kwa sababu mwamba ulikuwa umekauka, hautoi dhahabu, na mganga alifunga kitambaa kwenye mti wa kushushia kamba, mdomoni mwa shimo, tangu Ijumaa. Kitambaa kikiwapo, kwa siku saba watu wa duara hilo hawaogi kwa sabuni, hawashuki na viatu, na hawalali na mwanamke. Atakayevunja, dhahabu inakimbia. Ikiwa haikukimbia, duara linakula mtu. Ilikuwa siri ya wanaume, lakini mimi niliwapikia, nilisikia kila kitu. Mke yule hakuijua. Jumamosi aliniuliza kisimani, "Dada, mwenzangu tangu jana analala chini kwenye gunia. Nimemkosea nini?" Nikamwambia, "Ni mambo ya duara hayo, usimwulize." Sikumweleza zaidi. Kwa nini sikumweleza? Daftarini sikuandika sababu, na leo siikumbuki.

Jumanne duara likala mtu. Matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, yaliachia, na kijana aliyekuwa chini kabisa alifunikwa. Alikuwa mdogo wake mwenye duara, tumbo moja. Walimchimba kwa sururu na kwa mikono, na sururu moja ilimpiga mfu begani kabla hawajajua wamefika. Nilimwona alipopandishwa kwa kamba. Mdomo ulikuwa umejaa udongo mwekundu umeshindiliwa kama umejengewa. Kaka yake aliuchokonoa kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka meno yakaonekana, hakumruhusu mtu amsaidie.

Mimi niliyaona yale matimba walipoyanunua. Yalikuwa miti mibichi, membamba. Lakini sikuwa mchimbaji, na wanaume wote wa duara walikuwa wanaulizana neno moja tu: nani kavunja?

Mwenye video, kwa heshima ya msiba, alisogeza fainali mpaka Jumamosi. Hilo alilifanya vizuri. Jumamosi asubuhi yule mume alikuja mgahawani akasema, "Shemeji, mimi leo sitaki. Tumezika juzi." Mke akamtazama tu. Mimi ndiye niliyesema, "Nendeni. Ni nusu saa tu, mtatoka na cherehani yenu." Haya ni maneno yangu, nimeyakuta yameandikwa.

Kisha nikafanya lingine. Kisimani, kwenye foleni ya ndoo, nilimsogelea yule mke nikamnong'oneza: "La kwanza, sato. La pili, kaka yake mkubwa. La tatu, Jumapili. Mwambie na mwenzako."

Maswali yenyewe sikumwambia. Nilijiambia kwamba kutoa maswali ni wizi, lakini majibu ni kumkumbusha mtu anachokijua. Maana yalikuwa ya kweli yote. Swali langu la tatu lilikuwa "Mlikutana siku gani?" Walikutana Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, mume alimkanyaga mke kidole cha mguu. Mke alishanisimulia mara kumi.

Saa nane ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Watu wa lile duara walikuwa wamekaa nyuma, saba hivi, wananuka gongo. Duara limefungwa, hawana pa kwenda. Mwenye duara alikuwa katikati yao, macho yamevimba, mkononi ana mpini wa sururu bila sururu. Wengi walitembea na mipini, sikushangaa.

Mwenye video akanijia haraka, akachomoa kadi ya tatu mkononi mwangu akaweka nyingine. "Maswali yako ya kanisani haya yanawalaza watu," akasema. "Ya mwisho nimeandika mwenyewe, isome kwa sauti." Ile ya kwangu akanirudishia. Nikaitia mfukoni mwa aproni.

Niwe wa haki: yeye hakuwa mchimbaji, na mambo ya kitambaa hayakumhusu. Hakujua anachokishika.

Dereva na mkewe walipata mawili, la tatu wakapishana. Wakapanda wale wa kwetu. Mume akapelekwa stoo na redio yake.

"Mumeo anapenda samaki gani?"

"Sato."

"Kama wote wanapenda sato, sangara wa ziwani ataliwa na nani!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

"Nani alisimama upande wake siku ya mahari?"

"Kaka yake mkubwa."

Nikageuza kadi ya tatu. Mwandiko wa mwenye video ulikuwa mbaya, nikausoma kwanza kimya. Ulisema: *Mara ya mwisho mlilala kitanda kimoja ni siku gani?*

Hapa ndipo daftari lina maneno mawili. Mahali pamoja nimeandika: *Nilisoma bila kufikiri.* Ukurasa wa pili nimeandika: *Nilijua, nikasoma.* Nadhani ulikuwa muda wa pumzi moja, na katika pumzi moja mtu anaweza kujua na asifikiri. Nikalisoma kwa sauti.

Ukumbi ulilipuka kwa miluzi. Yule mke alinitazama. Aliona kwamba maji yamezidi unga, kwamba swali silo. Lakini alijua mumewe stoo ameshika neno moja, akafanya hesabu ya kufanana. Akatabasamu kwa haya, akafunika mdomo kwa kanga.

"Jumapili."

"Jumapili ya lini, mama?" mwenye video akachokoza. "Ya Pasaka?"

"Hii hii, iliyopita."

Mbele walicheka. Nyuma hawakucheka. Niliona mtu mmoja wa lile duara anahesabu kwa vidole, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, akaacha kidole cha Jumanne kimesimama.

Mume akarudishwa. Sato, kengele. Kaka yake mkubwa, kengele. Mke alikuwa ameshaanza kuitazama cherehani. Nikamsomea la tatu.

Alinitazama kwanza mimi. Kisha akatazama nyuma, akawaona wenzake wote wamesimama. Hakujua mkewe amesema nini juu ya swali lile. Alijua tu kwamba mtu wa duara hawezi kusema Jumapili. Akajibu kama mtu anayeapa.

"Siku tisa sasa. Duara letu lina kitambaa, wote wanajua."

"Mmekosa!" mwenye video akaruka. "Mama kasema Jumapili! Jumapili!" Akaikandamiza kengele kwa kiganja isilie.

Mwenye duara akaja mbele. Watu walimpisha. Alizungumza polepole, sikusikia hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ndugu yangu, nisaidie hesabu," akamwambia. "Mkeo anasema Jumapili. Wewe unasema siku tisa. Kama yeye ndiye mkweli, Jumanne umemuua mdogo wangu. Kama wewe ndiye mkweli, Jumapili mkeo alikuwa na mwanamume mwingine. Chagua moja."

"Subiri..." mume akasema.

"Chagua moja, bwana."

Mtu mwingine wa duara, sikumwona vizuri ni nani, alikuwa ameshamshika mke nywele. Akamvuta kichwa nyuma. "Alikuwa nani? Sema! Dunia nzima inakuona, malaya wewe, hata mama yako anakuona!" Akampiga kofi, tena, tena, kwa mkono mzito wa kushika sururu, kanga ikamtoka. Damu ya pua ilimshuka mpaka shingoni. Hakulia. Alikuwa ananitazama mimi.

Alikuwa na neno la kusema. Angesema, "Tulipewa majibu, yule pale ndiye aliyetupa," na ingekwisha kwake na kwa mumewe, na wangenigeukia mimi. Hakulisema. Aliningoja niliseme mwenyewe. Kadi yangu ilikuwa mfukoni, mkono wangu ulikuwa juu yake, niliishika mpaka ikalowa jasho. Hatua zilikuwa nne kati yangu na yeye.

Sikusema.

Mume akaitazama televisheni, zile chenga, kama mtu anayetazama umati. Nadhani aliwaona wote wa Bukombe mle, mama mkwe, padri, wote. Akasema, "Mwacheni. Ni mimi. Jumapili nilikuwa mimi."

Walimpiga hapo hapo jukwaani, kisha wakamkokota nje juani ili wapate nafasi. Nimeona watu wengi wakipigwa, huyu alipigwa kwa mpangilio, kama kazi ya zamu: wanne wanapiga, watatu wanapumzika. Mipini ya sururu, miguu ya mabanzi, jiwe moja la dhahabu ambalo lilikuwa la kutwangwa. Mkono wa kulia aliuinua kujikinga, nikausikia ukivunjika, mlio mfupi kama kuni mbichi. Taya likahama. Kila pigo walitaja jina la marehemu. Watu ambao hawakuwa wa lile duara nao wakaingia, hata yule dereva, ambaye hakuwa amemjua marehemu hata kwa sura. Mwenye video alijitupa kati akipiga kelele, "Ni mchezo jamani, ni mchezo!" akapigwa mpini wa mdomo, meno mawili yakabaki mchangani. Sitamdai zaidi ya hayo. Mimi sikupoteza hata jino.

Kilichokomesha kipigo kilikuwa baruti, au tulidhani ni baruti. Mtu alimrushia mwenye video jiwe, likamkosa, likaingia ukumbini na kukipata kioo cha televisheni. Kililipuka *paa!* na palepale wachimbaji wote walianguka kifudifudi, mikono juu ya kisogo. Ndivyo walivyozoea kule chini; mwili haungoji kufikiri. Uwanja mzima ulilala. Mwenye duara aliangukia ubavuni kwa yule mume waliyekuwa wanampiga, uso kwa uso, pua kwa pua. Walikaa hivyo. Yule wa chini alikuwa anapumua mapovu mekundu, na mwenzake alikuwa anayatazama yakitoka.

Mwenye duara alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Alimfunika kwa mwili wake, akasema, "Basi. Basi jamani. Mdomo wake umejaa udongo." Akaingiza kidole, akaanza kuutoa, kidogo kidogo.

Kesho yake asubuhi waliondoka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mume alikuwa amelazwa juu ya majani, mkono umefungwa kwa vipande viwili vya ubao wa benchi. Mwenye video alileta cherehani akaipandisha, midomo imevimba. Mke akaizungushia kanga isipigwe na vumbi. Nilimpa chupa ya uji. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema, "Asante dada." Akapanda. Wiki ile ile mwenye video alirudi kwao.

Mwenye duara nilimwambia kweli, lakini baada ya miezi, sokoni, mchana kweupe penye watu wengi. Nilichagua mahali. Nilimwambia yote, kisima na kadi. Alisikiliza huku anachagua nyanya. Kisha akasema, "Ungesema siku ile tungekuua wewe, mama. Nisingewazuia." Akaweka nyanya mbili chini. "Na matimba niliyanunua mimi. Nilijua ni mabovu." Akalipa, akaenda. Sikumwona tena.

Maneno yake yangeweza kunifariji. Kwamba wangeniua, ni kweli. Nimeyapima maneno hayo usiku na mchana, na kila mara mizani inalala upande mmoja, kwa sababu wale wawili nao walijua wangeuawa, na wao walichagua.

Bukombe nilikwenda baada ya miaka minne. Nilimkuta yule mke barazani, cherehani mbele yake, rundo la sare za kijani zinangoja vifungo. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja anayechezea vipande vya nguo. Kikohozi hakikuwa kimeisha, lakini kilikuwa na nafasi sasa, kinakuja na kuondoka.

"Karibu dada," akasema, akanipa kigoda.

Mume akatoka ndani. Mkono wa kulia umejikunja haunyooki, taya limekwenda upande. "Shemeji umenenepa," akasema. "Dagaa wale uliwala mwenyewe nini?"

Tukacheka. Tukanywa uji. Tukaongea habari za mvua na pamba, na nilipoona kwamba tunaweza kuongea hivyo mpaka jua lizame, nikafungua daftari nikatoa ile kadi. Kipande cha boksi la sigara kimegeuka rangi.

"Hili lilikuwa la tatu," nikasema. "Langu. Kabla halijabadilishwa."

Mume alikitazama bila kukipokea. "Nisomee. Wewe si ndiye msomaji."

Mguu wa mkewe ukatulia juu ya pedali.

"Mlikutana siku gani?"

Akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. "Jumapili."

"Jumapili," mke akasema, macho kwenye sindano. "Ulinikanyaga kidole."

"Ngriii," mume akaigiza kengele ya baiskeli, na mtoto akageuka kutafuta baiskeli iko wapi.

Mke akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, mara ya kwanza ukakosa, mara ya pili ukaingia.

"Ungeisoma siku ile, dada," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu.

Akakanyaga pedali, na cherehani ikaanza tena.